Lori la Kijani

Mume wangu Mwinyimadi alikuwa na magari kumi na moja, na hakuna hata moja lililowahi kunifikisha Maili Moja. Yote yalikaa ndani ya mkebe wa biskuti. Vigari vya chuma, vya kuchezea watoto wa Kizungu! Fundi cherehani mzima, mwenye ndevu zake, alivinunua Dar es Salaam na kuvipaka mafuta ya cherehani kila Ijumaa, na nywele zangu kavu. Kipenzi chake kilikuwa lori la kijani. Mtu pekee aliyeruhusiwa kulishika alikuwa Kitwana, Mnyamwezi muuza mkaa wa Maili Moja, mtani wetu.

Mwaka 1953 mama mkwe akafariki, hapa hapa Kibuta. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, nasi wanawake tukachungulia kwenye upenyo wa makuti. Kitwana akaruka kaburini, akajilaza chali, kama ilivyo ada ya watani.

"Sitoki mpaka nipewe kitu!"

Mtani hakasirikiwi. Akapewa jogoo, akamrudisha.

"Nataka lori la kijani."

Jeneza linangoja, jua linawaka, shehe anasaga meno, na mume wangu, mwana wa marehemu, anasema, "Mwongezeni jogoo wa pili."

"Hata mkileta ng'ombe," akajibu Kitwana kutoka chini.

Mwishowe Mwinyimadi akaja ndani, akalitoa lori mkebeni, akaenda kulikabidhi. Kisha akalia kwa sauti. Wazee wakampoza, "Mama hana badala, mwanangu." Mimi ninayemjua nikajifunika kanga usoni nisionekane nikicheka.

Miaka mitano Kitwana hakuacha kumchokoza. "Mtani, lori langu halijambo!" Mwinyimadi alikuwa akimtukana mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi.

Kisha Kitwana naye akafa. Tukaenda Maili Moja. Nilikuwa mkekani na mjane wake, Sikuzani, tulipoletewa habari kwamba mume wangu amelala kaburini, anadai lori.

"Nilijua tu," akasema Sikuzani. Akafungua kasha. Lori lilikuwa limefungwa kitambaa safi, rangi haijachubuka, magurudumu yanang'aa mafuta.

Waliporudi kutoka makaburini, Mwinyimadi alikuwa amelikumbatia lori, analia mpaka kanzu imelowa.

"Mwoneni," wakacheka vijana, "analilia kigari!"

Safari hii sikucheka. Nilimpa kanga yangu ajifute.