Wino wa Mwalimu Okwach

Tangu mvua zianze, Mwalimu Okwach alikuwa amejifungia chumbani kwake Butimba, akiandika kitabu cha mila za watu wa ziwani. Sura ya harusi ilimgomea kabisa. Alikonda, akawa mkali hata kwa kuku.

Asubuhi moja akakuta chupa ya wino haipo mezani.

"Nimempa mdogo wangu Akeyo, anaolewa leo," mkewe Aluoch alimwambia. "Ifuate huko huko, Baba Orwa."

Alikwenda amenuna. Shemeji zake wakamvuta uwanjani, akacheza mpaka shati likamganda mgongoni, akala sato, akacheka hadi machozi. Jioni alirudi na wino wake, akaandika sura nzima akipiga mluzi.

Alipomaliza, alimkabidhi Aluoch ile chupa.

"Kesho naanza sura ya uvuvi," akasema. "Uifiche mtumbwini."