Nukta Yenye Mkia

Kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, Mzee Suud alisukuma mlango wa duka la Yaqdhan pale Al Hail, kiboksi kwapani, kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Ndani ya kiboksi mlikuwa na kilengeo: kioo kidogo kinachofungwa juu ya bunduki ya shabaha, nacho huonesha nukta moja nyekundu. Unaiweka nukta juu ya alama unayoitaka, unafyatua, basi. Ndivyo yalivyosema maelezo, na Mzee Suud maelezo huyasoma yote, mpaka maandishi madogo ya nyuma. Ndiyo ada yake tangu zile jioni alizokuwa akitoka kazini kwenda darasa la watu wazima, hadi akapata cheti cha sekondari ilhali ana watoto watatu.

"Na hiki pia kibovu," alisema, akakiweka juu ya meza ya duka.

Mkewe, Bi Shaikha, aliyeingia nyuma yake kwa kukimbia joto la gari, alicheka. "Yaqdhan mwanangu, huyu hata ukimpa dhahabu atakwambia ina kutu."

"Nimeshamzoea, Bi Shaikha." Yaqdhan na Mzee Suud ni ukoo mmoja, wazee wao waliondoka Unguja pamoja, wakavuka bahari kuja huku. "Ami, kina nini? Cha kwanza ulisema kibovu kwa kuwa cha bei rahisi mno. Hiki tumekichagua mimi na wewe. Bei nafuu, lakini mwili wake alumini, betri inakaa miaka, hakiogopi maji wala jua la gari. Nilikiangusha sakafuni mbele yako."

"Mwili wake sina neno nao. Nukta ndiyo mbovu. Ina mkia."

Hakutaka kusema zaidi. Alichokuwa akikiona kilikuwa kama tone la rangi lililoburutwa kwa kidole, na mara nyingine yalikuwa matone mawili. Tena alijua, na kujua huko ndiko kulikomtoa jasho ndani ya duka lenye baridi, kwamba taa za barabarani nazo zilikuwa na mikia. Ilianza Ramadhani. Kwanza alisema ni vumbi. Kisha akasema ni kioo cha gari.

Marehemu mamake alianza kupofuka hivihivi. Miaka miwili aliwaficha, mpaka siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagikia mgeni mapajani, naye huku anatabasamu anauliza kama sukari imetosha. Baada ya hapo Mzee Suud alimwongoza kwa mkono kwenda msalani miaka tisa.

Halafu ile Ijumaa iliyopita. Kwenye klabu yao ya shabaha alifyatua risasi sita, na karatasi yake ya kulenga ikarudi safi, haina hata tundu. Matundu sita yalikuwa kwenye karatasi ya jirani yake, Hisham. Watu walicheka, na Hisham akamshukuru kwa kumfanyia kazi. Mzee Suud alicheka nao. Baadaye akasikia kwamba muda mfupi kabla ya hapo kijana Loai, mbandikaji karatasi wa klabu, alikuwa kasimama mbele ya karatasi ileile ya Hisham akiibandika. Filimbi ya kuanza ilipolia, Mzee Suud alifyatua. Hakumwona Loai akiondoka. Hakuwa amemwona Loai kabisa.

Yaqdhan alitoa kilengeo kingine kabatini, akakiwasha. "Hiki kimekuja jana. Kiwanda chengine kabisa. Tazama ukuta ule."

Mzee Suud alikipokea kwa mikono miwili. Alifumba jicho moja, akasoma Bismillahi kimoyomoyo, akatazama. Mkia ulikuwepo. Ulikuwa mrefu kuliko wa jana.

"Vipi?"

"Hiki afadhali," alisema.

Yaqdhan alimtazama kidogo. "Bi Shaikha, hebu nitazamie na wewe."

"Yeye anajua nini mambo ya bunduki?"

"Bunduki sijui," alisema Bi Shaikha, "duara nnalijua." Akasogeza mtandio, akachungulia. "Nukta hii hapa. Nzuri, kama punje ya komamanga."

"Na hiki alichokirudisha ami?"

Akachungulia na hicho. "Sawasawa na kile."

"Haina mkia?"

"Mkia wa nini, wa panya?" Akageuka ili wacheke pamoja, akauona uso wa mumewe. Kicheko kikamfia mdomoni.

Yaqdhan aliweka simu yake nyuma ya kile kilengeo kibovu, akapiga picha, akaiweka mbele ya Mzee Suud. Nukta ilikuwa ya mviringo, imekamilika.

"Huenda simu inazitengeneza picha," alisema Mzee Suud. "Simu za siku hizi..." Akajisikia mwenyewe anavyosema. Mamake naye, baada ya ile chai, alisema meza imepinda.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Shaikha.

"Ramadhani."

"Na mlima wa Amerat wa kwendea kwetu unanipandisha na kunishusha kwa gari kila siku. Mimi, na mjukuu wetu, mtoto wa Jumana, nyuma."

"Nakwenda polepole."

"Sikukuuliza mwendo."

"Huenda ni miwani tu, ami," Yaqdhan alisema taratibu. "Wateja wawili walinijia na maneno haya haya, wakapewa miwani, mambo yakaisha. Au mtoto wa jicho, unatolewa asubuhi, adhuhuri uko kwako."

"Au ni ule upofu wa mama."

Hakuwahi kulitamka. Sasa limetoka. Alikisukuma kilengeo kipya kikarudi upande wa Yaqdhan, akatoa simu yake, akaisogeza mbali kisha karibu mpaka akalipata jina la Hisham.

"Ijumaa msinihesabu," alisema. Hisham alianza mzaha wake wa matundu sita. "Skiliza. Bunduki haikuwa na kosa, wala kilengeo. Mimi sioni. Na Loai mwambie nnamtaka radhi, nitamweleza mwenyewe."

Nje jua lilikuwa linazama. Bi Shaikha alichukua ufunguo wa gari bila kuomba, akaingia upande wa dereva, akavuta kiti mbele. Mlima ule hakuwahi kuupanda akiendesha mwenyewe, na mikono yake ilikuwa imeukamata usukani kama kamba ya kisima. Walipoanza kupanda, taa zikaanza kushuka kuwaelekea, kila moja na mikia yake.

"Ile ni gari moja?" aliuliza Mzee Suud.

"Mbili. Lori, na kijigari kinataka kulipita."

Yeye aliona moja. Jana pia, mahali hapahapa, aliona moja. Alishika mkanda wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Kesho asubuhi hospitali," alisema Bi Shaikha. "Na nnaingia ndani na wewe."

"Ingia," alisema. "Na ile?"

"Moja."

"Na ile ya nyuma yake?"