Tundu la Darini

Tundu nililikata mimi. Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia akifika mwisho.

Jina langu ni Khaemba. Nimepaka magari rangi miaka kumi na saba katika gereji moja pale Kisian, nje kidogo ya Kisumu, na ukinionyesha mlango wa gari nitakuambia umepakwa mara ngapi na kama fundi alikuwa na haraka. Kiburi hicho sikukiokota, nilikifanyia kazi. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mke wangu Lornah, mshonaji kutoka Katito, na binti yetu Shantel wa miaka minne. Tulipanga chumba kwenye ploti ya vyumba sita upande wa kwenda Dunga. Mwenye ploti alikuwa Mama Ajwang, mama ambaye hana mchezo.

Chumba kilichopakana na chetu alikaa Dalmas, karani wa duka la vitabu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole kupita kiasi. Jumamosi, wenzake wakienda kutazama mpira, yeye alitengeneza meli za ziwani kwa mbao na kadibodi, kila moja ya urefu wa kiatu, kisha akazipulizia rangi kwa kifaa chembamba kama kalamu. Siku ya kwanza kumwona nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu mzima anahangaika na meli ambayo hata kuku hawezi kuipanda.

Lakini alikuwa mwangalifu, hilo nimpe. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alinijia na karatasi iliyojaa maandishi. Alikuwa ameunda boksi lililo wazi upande wa mbele, la kupulizia rangi ndani yake ili isisambae chumbani.

"Bwana Khaemba, wewe ndio unajua mambo ya rangi," alisema. "Hii boksi nataka kuiwekea feni ya kuvuta hewa. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Kuna feni ya kompyuta, kuna ya bafu. Halafu filta ni mob, aina kwa aina. Kuna ya sponji, na ingine iko na makaa ndani."

Hapo nikapanda mimbari. Nikamwambia feni ya kompyuta haina nguvu, inapuliza kama mgonjwa. Achukue ya bafu, na bomba la kutolea hewa liwe pana, fupi, lisipindwepindwe. Hayo yalikuwa kweli na nayasimamia mpaka leo. Kuhusu filta nikamweleza kwamba ya sponji hushika vumbi la rangi, na ya makaa hushika mvuke usioonekana.

"Basi nachukua zote mbili," akasema. "Naweza order Nairobi. Wiki mbili zitakuwa zimefika."

"Wiki mbili unangojea makaa? Meli ya ukubwa wa kiatu inataka filta ya hospitali?"

Akacheka kwa aibu, akaikunja karatasi yake. Jumatatu nikamletea kipande cha filta kuukuu kutoka gereji. Kwetu filta haitupwi. Ikijaa, tunaikung'uta ukutani, tunaigeuza upande wa pili, kazi inaendelea. Ndivyo nilivyofunzwa, na ndivyo nilivyomfunza. Sikuwahi kujiuliza, ukishaigeuza filta, lile vumbi ililokuwa imelishika feni inalipeleka wapi.

Likabaki bomba. Dalmas alitaka litokee dirishani, lakini madirisha yote ya ploti yanatazama uani, na uani Mama Ajwang anaanika omena, dagaa wa ziwani.

"Mimi siwezi kula omena ya rangi, Dalmas," alisema, mikono kiunoni. "Hiyo bomba isitokee hapa."

Sasa mimi ndiye mtaalamu, na mtaalamu hakosi jibu. Nikasema tulipeleke darini. Dari ya ploti ile ni magunia ya nailoni yaliyounganishwa na kupigiliwa misumari chini ya mabati.

"Na haitarudi?" Dalmas aliuliza.

"Harufu hupanda," nikamwambia. "Ikishapanda imeenda."

Nikapanda kiti, nikakata gunia kwa wembe, nikasukuma bomba, nikalifunga kwa waya. Sikuingiza kichwa kuchungulia. Ningechungulia, ningeona kuta za vyumba zinaishia pale pale kwenye magunia, na juu yake ni uwazi mmoja, kuanzia kwa Dalmas, kupitia kwetu, mpaka kwa Mama Ajwang.

Na bado sikutosheka. Rangi yake ilikuwa ya maji na ilikuwa ikibanduka, basi nikampa kopo la bluu lililobaki kwenye kazi ya basi fulani, pamoja na chupa ya hadina, dawa inayokausha rangi ikawa ngumu. Bluu ile niliichanganya mwenyewe na kuitia nyeusi kidogo, kwa sababu mwenye basi alitaka ifanane na ziwa mvua inapokaribia. Kisumu nzima hakuna nyingine kama hiyo. Gereji tukitumia hadina tunafungua milango yote na kuvaa barakoa nzito, kwa maana mvuke wake ni sumu ya kifua. Nilijua. Sikumwambia Dalmas, kwa sababu meli ilikuwa ndogo.

Mwezi wa nne wadudu wa ziwa wakaja kwa mawingu kama kawaida yao, na kila mtu akafunga dirisha. Shantel akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, cha mtu mzima. Nikasema ni wadudu. Harufu ya rangi chumbani haikutushtua, maana niliileta mwenyewe nguoni kila jioni. Kwenye duka la dawa wakatupa shira ya chupa, kanisani wakamwekea mikono. Aliyeona mbali ni Lornah.

"Baba Shantel, hii kikohozi iko na siku zake," aliniambia akiwa kwenye cherehani. "Ikifika Alhamisi amepona. Saturday inaanza tena."

"Kikohozi hakina kalenda," nikamjibu, nikaona nimesema jambo la maana.

Akampeleka Katito kwa mama yake. Wiki tatu mtoto hakukohoa hata mara moja, alishinda akifukuza mbuzi. Aliporudi Ijumaa alikuwa amenenepa mashavu. Nikafurahi kama mjinga.

Kesho yake nilitoka kazini saa tisa alasiri. Nikiwa uani nilisikia feni ya Dalmas ikivuma taratibu, na nasema kweli, sauti ile ilinipendeza. Nilijisemea, ile ni kazi yangu. Lornah alikuwa ametoka kupeleka nguo ya mteja nyumba ya tatu tu, akijua mtoto amelala. Nikafungua mlango.

Shantel alikuwa ameketi ndani ya neti ya mbu, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Kishimo cha kooni kilikuwa kikizama kila akivuta hewa. Midomo ilikuwa imepoteza rangi yake. Alitaka kuniita.

"Ba," akasema, akapumzika. "Ba."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe. Nilimbeba nikakimbia naye mpaka barabarani huku nikimwita Lornah, tukapata tuktuk, na njia nzima nilikuwa nikimpulizia usoni kwa mdomo wangu kana kwamba nina hewa ya ziada ya kumpa. Hospitalini walimvisha barakoa ya mvuke wa dawa. Saa ile ndogo ya kungoja sitaki kuisimulia.

Pumzi ikamrudia. Daktari, mama mmoja mtulivu, akauliza kama nyumbani kuna moshi au vumbi. Nikamwambia mke wangu ni msafi sana. Lornah akanitazama.

Jumapili adhuhuri nikarudi peke yangu kuchukua shuka. Nikaona nisafishe kila kitu, mtoto akirudi asikute vumbi. Nikaifungua neti, nikaitandaza juani. Pembeni ilikuwa nyeupe. Juu, pale panapotazama dari, ilikuwa na kivuli. Nikailoweka, nikaisugua kwa sabuni ya unga, nikaongeza ya kipande. Maji hayakubadilika na kivuli hakikutoka. Nikaisogeza karibu na macho.

Rangi ya maji hutoka kwa sabuni. Isiyotoka ni iliyotiwa hadina. Na ilikuwa bluu, yenye weusi kidogo.

Nikaingia ndani, nikaweka kiti juu ya meza, nikapasua mshono wa gunia, nikaingiza kichwa darini. Mwanga uliopenya kwenye matundu ya misumari ulitosha. Mbao zilikuwa bluu. Kinyesi cha popo kilikuwa bluu. Mdomo wa bomba ulikuwa umeelekezwa moja kwa moja juu ya kitanda cha mwanangu, na waya ulikuwa na fundo langu, lile nifungalo mimi.

"Bwana Khaemba?" Dalmas alikuwa mlangoni, ametoka kanisani na viatu vyake vinang'aa. "Mtoto anaendelea aje? Huko juu unaangalia nini?"

Nilishuka nikitaka kumpiga. Lazima niseme hilo pia. Ngumi ilikuwa tayari, na nilitafuta kosa lake nikalikosa. Alitaka filta ya makaa. Aliuliza kama hewa itarudi. Kosa lake lilikuwa kunisikiliza.

Akaiona neti uani. Akaitazama, kisha akatazama dari, akakaa kwenye kizingiti.

"Ni mimi?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ni mimi."

Lornah nilimwambia siku hiyo hiyo, kando ya kitanda cha hospitali. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama nilijua hadina ni sumu, nikasema nilijua. Daktari akatueleza kwamba kifua kikishachokozwa na dawa ile hakisahau. Chembe ndogo, hata ya nguoni, inaweza kukifunga tena, na siku nyingine huenda kisifunguke.

Dalmas aling'oa boksi na kuhama. Lornah na Shantel wakahamia Katito. Mimi kazi nyingine siijui, na dawa za mtoto zinanunuliwa kwa kazi hiyo hiyo. Wanasema ujuzi hauzeeki. Wangu laiti ungezeeka mapema. Gereji sasa ina filta mpya, na ole wake atakayezikung'uta.

Kila mwisho wa mwezi naenda kuwaona. Naoga mara mbili, nanyoa nywele, navaa shati ambalo halijawahi kufika Kisian. Bado mama mkwe huniwekea kiti nje, upande upepo unakoelekea.

Safari iliyopita Shantel aliniona langoni. Zamani angekimbia na kunirukia. Alisimama, akavuta hewa nyingi, akafunga mdomo, akaja polepole, mashavu yamejaa. Akanipa mkono. Nikaushika, nikauachilia upesi nilipoona macho yanaanza kumtoka. Akageuka, akakimbia mpaka mlangoni kwa bibi yake, na huko ndiko alikopumua.