Nusu Ukurasa wa Klachi

Lori la Bwana Suleiman liliposhindwa kupanda mlima wa Runyenjes, likiwa na magunia arobaini ya viazi vya Kibirichia, mume wangu Ireri aliulizwa kosa ni la nani. Akasema ni lake.

Habari hiyo ilinikuta kijijini nikimnyonyesha mtoto wetu Mutugi. Ulikuwa mwaka wa 1956, Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, bado haijaondolewa. Sisi watu wa Embu tulikuwa tumekusanywa ndani ya vijiji, nyuma ya handaki na miti iliyochongwa, na mwanamume hakwenda popote bila karatasi. Karatasi ya Ireri ilisema yeye ni dereva wa Suleiman. Akifukuzwa, anairudisha, halafu anapelekwa pamoja na wenzake kuchimba barabara chini ya bunduki.

Na kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Miezi miwili kabla ya hapo gia za lori zilianza kuwa ngumu. Ireri akatoa kitabu kilichokuwa chini ya kiti cha dereva, kitabu cha Kiingereza chenye picha, akaniletea. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya jioni kwa mwalimu Felicitas, pale kanisani, na nilikuwa nimeshapewa kitabu cha pili cha Kiingereza. Nilijiona msomi.

"Soma hapa penye picha ya klachi, Mama Mutugi."

Nikasoma polepole, kidole juu ya mstari. Nilielewa kwamba kanyagio likilegea sana gia hukwaruza, na kwamba kuna nati ya kukaza kwenye fimbo yake. Kisha yakaja maneno mengine na namba, nusu ukurasa mzima, ambayo sikuwahi kuyaona. Nikainua macho. Ireri alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, hata siku ya harusi.

"Basi?" akauliza.

"Basi. Kaza mpaka ulegevu uishe."

Alikaza mwenyewe, kwa spana yake. Gia zikaingia laini. Safari iliyofuata akaniletea leso kutoka Meru, akawa anawaambia madereva wenzake, "Nyinyi mmeoa wapishi. Mimi nimeoa fundi." Wiki chache baadaye akarudi nyumbani ananuka kama pembe ya ng'ombe iliyoungua, akasema lori linanguruma sana mlimani lakini haliendi. Nilikiona kile kitabu mbele ya macho yangu, nikanyamaza.

Sasa lori lilikuwa limevutwa mpaka mjini Embu, uani kwa Suleiman, nyuma ya bucha yake. Nilimfunga Mutugi mgongoni, nikaomba ruhusa langoni, nikaenda.

Nilimkuta Idrisi, fundi wa hapo mjini, akimwamuru Ireri aliyekaa kwenye usukani. Suleiman alikuwa amekaa juu ya kreti, kofia magotini, wapakuzi wawili wamesimama nyuma yake.

"Zima injini," Idrisi akasema. "Ingiza gia. Moja. Mbili. Tatu. Rivasi."

Zote ziliingia bila sauti.

"Washa. Kanyaga klachi mpaka chini, ngoja kidogo, halafu rivasi."

Gia zikapiga kelele, Mutugi akaamka akilia.

"Gia boksi haina neno," Idrisi akasema. "Hapa ugonjwa ni klachi. Akikanyaga, haiachi injini." Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. "Vuta breki ya mkono. Ingiza ya nne. Achilia klachi polepole."

Injini ilipaswa kuzimika hapo hapo. Ikaendelea kunguruma, na ile harufu ya pembe ikajaa uani.

"Na akiachilia, haishiki. Pleti yake ya ndani imeungua, imepinda."

"Haishiki, haiachi!" Suleiman akasema. "Hiyo ni klachi au ni mpangaji wangu, halipi na hahami?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Haya, rudia mbele ya fundi: nani ameniunguzia?"

"Mguu wangu, Bwana," Ireri akajibu.

"Miaka sita wewe ni dereva, leo unalaza mguu juu ya klachi kama mama wa cherehani! Lete hiyo karatasi."

Ireri akateremka, akaingiza mkono mfukoni mwa shati.

"Si mguu, Bwana Suleiman," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe umeendesha lori langu?"

"Nilimsomea kitabu. Nilimwambia akaze mpaka mwisho."

"Nyamaza, Mama Mutugi," Ireri akasema kwa Kiembu, taratibu. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikasema yote.

Idrisi hakubisha. Alijiinamisha ndani ya kebini, akabonyeza kanyagio kwa mkono. "Ni kweli. Halina nafasi hata ya ukucha. Klachi hii imekuwa kama imekanyagwa mchana kutwa, hata mguu ukiwa umeondolewa." Akafuta mikono kwa petroli, akachukua kitabu chini ya kiti, akanipa. "Soma."

Nikasoma mpaka pale nilipokomea siku ile.

"Endelea."

"Hapo sijui."

"Hata mimi sijui maneno yao. Lakini picha hii naijua. Wanasema acha nafasi ya inchi moja."

Suleiman hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Ireri. "Kwani wewe husomi? Na zile karatasi za mizigo unazonitilia sahihi?"

"Nachora, Bwana."

Wapakuzi wakacheka tena, wakapigana mabega. Ireri akaangalia viatu vyake. Nikatamani ardhi inimeze na kile kitabu.

"Kaa na karatasi yako," Suleiman akasema hatimaye. "Lakini usukani hutaugusa. Utalala chini ya lori na Idrisi mpaka pleti itoke Nairobi, ujue unachokaza."

Tulirudi tukiwahi kafyu kabla lango la kijiji halijafungwa, Ireri mbele, mimi nyuma. Tulipoyapita maduka nikasema, "Pole, Baba Mutugi."

"Nilikuwa nimeshawaambia ni mguu."

"Wangekuchukulia karatasi."

"Wangeichukua. Wasingenicheka." Akatembea. "Siku ile, kwa nini hukusema hujui?"

"Ulikuwa unaniangalia vizuri."

Njia ikateremka, ikapanda. Kisha, bila kugeuka, akauliza jina lake linaanza na herufi gani. Nikachuchumaa na mtoto mgongoni, nikachora vumbini kwa kidole mstari mmoja uliosimama. Akarudi, akainama.

"Huu tu?"

"Huu tu."

Akaufuata kwa kidole chake. "Miaka sita nimekuwa nikichora kitu kingine kabisa."

Nilingoja acheke ndipo nami nicheke. Hakucheka.