Pua ya Mlangoni

Hii ni kweli tupu, haina chumvi hata punje: fundi wa polishi alinuka spiriti kiasi kwamba nzi akitua begani mwake alianguka chali, akaamka kesho yake kichwa kinamuuma.

Ndiyo kazi yenyewe. Polishi huyeyushwa kwa spiriti, kisha kabati husuguliwa kwa kitambaa mpaka ling'ae. Pombe fundi alikuwa ameiacha. Alipotoka kituo cha kutibu walevi, mkewe aliambiwa amwangalie kwa karibu asije akairudia, naye akaona hakuna cha kumwangalia nacho ila pua. Kila jioni akamsimamisha mlangoni.

"Pumua."

Akapumua.

"Unanuka."

"Ni kazi, mama watoto."

"Hata zamani ulisema ni kazi."

"Na hayo macho mekundu, shemeji?" kaka wa mke akadakia kutoka kwenye kiti. "Nayo umeyapiga msasa?"

Watoto wakacheka. Fundi naye akacheka, ila kicheko kikaishia kwenye meno. Alioga mpaka sabuni ikaomba likizo; harufu ilishaingia kwenye ngozi. Sahani yake ikawekwa peke yake jikoni, mke akahamia chumba cha watoto. Yeye alitaka jambo moja tu: aaminiwe nyumbani kwake.

Siku moja, akitoka karakana, miguu ikagoma kupita kilabu. Akajisemea, hukumu nimeshapewa, kosa lenyewe tu ndilo bado. Akaingia. Hakunywa sana, kiasi cha kutuliza mikono.

Mlangoni mkewe alikuwa amesimama. Fundi akapanua kinywa apumue.

"Acha, leo sikunusi," mke akasema. "Mchana nilikuja karakana, nikakuchungulia dirishani bila wewe kuniona. Kopo la spiriti liko kiwikoni pako muda wote, na hukulipeleka mdomoni hata mara moja. Nisamehe, baba watoto. Nimekutesa bure."

Akamshika mumewe mkono, akamwinua kaka yake kitini ili fundi akae. Mtoto mdogo akampanda baba magotini.

"Polishi ya leo kali, shemeji," kaka mtu akasema kwa upole, kama anayeomba radhi.

Fundi alitaka kusema ukweli. Mkewe alikuwa anampakulia, uso umemnawiri kama wa bibi harusi.

"Kali kweli," akajibu.

Akala. Alijua kesho ataingia kilabuni tena, na keshokutwa, maana mlangoni hapakuwa tena na pua ya kumzuia.