Gunia la Mbuni

Siku mama yake alipobisha hodi, Wamalwa alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la gesi, kipimajoto mkononi, akingoja maji yapoe kutoka mia moja hadi tisini na tatu. Hakuinuka. Mkewe, Naliaka, ndiye aliyefungua mlango, akampokea mama mkwe mzigo na kumkalisha. Maji ya kahawa hayangoji mtu, ndivyo Wamalwa alivyopenda kusema. Mama mzazi aliyekesha ndani ya basi kutoka Chwele, yeye aliweza kungoja.

"Nimekuletea kahawa ya baba yako," mama alisema kutoka kwenye kochi. "Mdogo wako Wanyama amekata miti. Yote. Nilichuma iliyokuwepo kabla hajafika na panga, nikaianika uani kwa sababu kiwanda kilifungwa. Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Eeh, Mayi," Wamalwa alimjibu mama yake kwa lugha ya kwao, macho kwenye kipimajoto. Tisini na tano. Tisini na nne.

Alipomaliza kumimina ndipo alipolifungua lile gunia dogo, na moyo ukamshuka. Mbuni! Kahawa iliyokaushwa na ganda lake, nyeusi, iliyokunjamana, mbivu na mbichi zimechanganyika, ile ambayo mkulima huiuza akiwa amekata tamaa. Aliitazama jinsi mtu anavyomtazama jamaa aliyefika harusini bila viatu. Akalifunga gunia upesi, asije mtu akapita akaliona.

Ni lazima tuseme kidogo kuhusu watu ambao Wamalwa aliogopa wangepita. Walikuwa watatu, na yeye wa nne, na walijiita Chama cha Kahawa. Mburu wa benki aliapa kwa kahawa ya Nyeri, tena punje zile za mviringo tu, zilowekwe kwa dakika nne kamili katika chombo cha kioo chenye kizibo cha kusukuma. Obonyo, aliyeuza bima, aliona hayo ni matope. Kwake ni ya Kisii, na ni karatasi ya kuchujia, tena ilowanishwe kwanza. Nzembi alifanya kazi uwanja wa ndege, na kila aliposafiri hadi Addis alirudi na pakiti na dharau mpya. Kila Jumamosi saa kumi walikutana kwa mmoja wao, wakavuta kahawa midomoni kwa kelele za bata, wakafumba macho na kutaja matunda ambayo hawajapata kuyaona. Mwaka huo wa 2006 nusu ya Kitengela, mji wao, ilikuwa ikinunua maji kwa mkokoteni, na maji yenyewe ya chumvi. Chama cha Kahawa kilipikia maji ya chupa. Mtu aliyekoroga kahawa ya kopo mbele yao alihurumiwa kama mgonjwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na haya yalikuwa manne.

Kati yao, Wamalwa alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: alizaliwa shambani. "Mzee wangu alikuwa na miti mia nne," aliwaambia mara ya kwanza, na hakuna mwaka uliopita bila miti hiyo kuongezeka kimo. Wenzake walimsikiliza wakanyamaza, na kunyamazisha benki, bima na uwanja wa ndege kwa mpigo mmoja si jambo dogo. Aliwaahidi kwamba zamu yake ikifika, atawapa kahawa ya Mzee Nalianya mwenyewe, Mungu amweke pema. Zamu ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo. Naye alikuwa tayari: alikwisha kununua kilo ya daraja la kwanza katika duka moja Nairobi, akaimimina katika mfuko wa khaki usio na jina, akauandika kwa kalamu, *Chwele*.

Ndiyo maana gunia la mbuni lilimkera. Uongo ulikuwa umekaa vizuri kabatini, na sasa ukweli umekuja na basi, ukiwa mchafu hivyo.

Jumatatu asubuhi, mama akiwa bado amelala, alilibeba gunia hadi mlango wa pili, kwa Saado. Huyu alikuwa mke wa Hared, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeshinda kwenye soko la Bisil, na mara nyingi Wamalwa alikuwa amesikia harufu ya samli na kahawa ikivuka ukuta, akakunja pua. Watu wanaokaanga kahawa kama njugu! Wanaitafuna na ganda! Kwake huo ulikuwa ushamba usio na dawa.

"Mama Fardosa, hii sisi hatutumii," alisema. "Nyinyi mnaweza kuipatia kazi."

Saado alitia mkono ndani ya gunia, akanusa kiganja chake, akamtazama. "Hii yote? Wewe unapeana tu hivi?"

"Ni mbuni tu, mama."

"Allah akubariki," Saado alisema, na ilionekana wazi kwamba alimaanisha. Wamalwa aliondoka akitabasamu. Mama yake alipompigia kazini mchana, kwa simu ya Naliaka, kuuliza gunia liko wapi, alimjibu kwamba ameliweka stoo, panya wasilifikie.

Jumamosi ilifika. Vikombe vyeupe vilipangwa, mizani ikafutwa vumbi, na ule mfuko wa khaki ukawekwa katikati ya meza. Wamalwa alisaga, akamimina kwa duara, polepole, huku akisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiamka kabla ya jua kukagua matawi. Mburu alivuta, akafumba macho.

"Bana," alisema. "Hii iko na ukwaju. Hapana, ngoja. Ni zambarau."

"Zambarau ya mwisho wa msimu," Nzembi alisahihisha.

"Hii ni ya mzee kabisa," alisema Obonyo. "Unaskia tu mlima."

Wamalwa alivimba. Wakati huo huo mama yake alitoka jikoni na sahani ya ndizi za kuchemsha, akawasalimia wageni mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mburu, aliyelelewa vizuri licha ya yote, aliinuka.

"Mama, karibu. Hii kahawa ya mzee imetumaliza. Mlikuwa mnaifanyia nini?"

"Ya mzee gani, mwanangu?"

"Si ya Mzee Nalianya? Hii hapa." Akamwonyesha mfuko.

Mama alichungulia ndani ya mfuko, akachukua punje moja, akaigeuza. Alikuwa amechuma kahawa miaka arobaini na hakuwahi kuinywa hata kikombe kimoja. Kwao ilikuwa mali ya kiwanda, na watu walikunywa chai. Lakini punje alizijua.

"Hii ni nzuri," alisema kwa upole. "Yetu niliyoleta ni mbuni, haijakobolewa. Na ndiyo hiyo tu, watoto wangu. Miti ilikatwa mwezi wa pili."

Hakuna aliyevuta kahawa. Mburu aliutazama mfuko, kisha akamtazama Wamalwa, na mdomo wake ukaanza kucheza.

"Basi tuletee hiyo," alisema Nzembi. "Hiyo ya ukweli. Iko wapi?"

"Iko stoo," Wamalwa alisema. Alimwona mama yake akigeuka kumtazama. Mama aliweka tu sahani ya ndizi mezani na kurudi jikoni.

Wamalwa alitokea mlango wa nyuma. Hakukuwa na stoo ya kuendea, na neno *amekata* lilikuwa limefika sasa, siku sita baada ya kusemwa, likamkaa kifuani. Hapana miti. Yale matawi aliyokuwa akiyasimulia dakika tano zilizopita yalikuwa kuni kwenye jiko la mtu. Alipita kwenye uwazi wa ukuta akakimbia kama mtu mzima ovyo, na kumkuta Saado akianua nguo.

"Mama Fardosa, lile gunia. Hata kama ni nusu. Hata mkono mmoja."

Saado aliiweka shuka begani. "Baba, imekwisha. Alhamisi tulikuwa na dua ya baba ya Hared. Wazee walikuja mpaka kutoka Namanga. Bun inapikwa, inaliwa, watu wanaomba. Haiwekwi."

"Yote?"

"Yote." Alimtazama kidogo. "Kwani mama yako hajakuambia? Alikuja hapa Jumatano kunisalimia. Akaona gunia yake, akakaa chini. Mimi nilikuwa natoboa. Kila moja lazima uiume ncha, ndiyo samli iingie. Usipouma inapasuka kwa sufuria, inakuchoma macho. Ni kazi ya siku mbili. Akaniambia, nionyeshe. Meno yake si mengi, akachukua kisu. Tukafanya moja moja mpaka jioni, na Alhamisi akarudi."

Wamalwa alichungulia mlangoni pa Saado, kana kwamba gunia lingali huko.

"Wazee waliuliza kahawa imetoka wapi," Saado aliendelea. "Mama akataja jina ya mzee wake. Wakamuombea hata yeye. Wakapaka mama samli hapa." Aligusa paji la uso wake. "Yeye alilia kidogo. Mimi nilidhani ni wewe ulimtuma."

Aliporudi, kicheko cha Mburu kilisikika kutoka sebuleni, kile kicheko chembamba ambacho Wamalwa alikijua vizuri, kwa kuwa mara nyingi alikuwa amekicheka yeye mwenyewe. Kesho habari ingekuwa imefika hadi Kisaju. Hakuingia huko. Mama yake alikuwa amesimama karibu na karai jikoni, akiosha vikombe vya wageni.

"Ulijua tangu Jumatano," Wamalwa alimwambia.

"Nilijua."

"Na hukuniambia kitu."

"Ningekuambia mara ngapi, Wamalwa? Nilifika na jambo moja, nikakuambia nilipoketi tu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nikaona, basi, imepata watu wake."

Wamalwa alivuta kigoda, akaketi chini ya kiwiko cha mama yake. Hasira ilimpanda ghafla, akashukuru kuwa na pa kuielekeza. "Wanyama naye! Anakataje miti ya baba bila kuniuliza? Mimi ndiye mkubwa."

Mama alifunga bomba. Aligeuka na kikombe mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Alikuuliza," alisema. "Alikupigia simu mbele yangu, tumesimama shambani, ameshika panga. Alingoja kabisa. Akaniambia umesema afanye anavyoona."

Wamalwa aliitafuta simu hiyo kichwani, na akaipata. Ilikuwa Jumamosi. Sauti ya Wanyama ilikuwa mbali, ikikatika, ikitaja mambo ya shamba, naye alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

"Sikumsikia vizuri," alisema.

Mama alingoja.

"Nilikuwa nasaga kahawa, Mayi."