Sehemu ya Pili Wamekosea

Watoto wana maoni, jamani. Usiombe ukae mlangoni mwa ukumbi wa video siku inayoonyeshwa katuni wanayoipenda. Mimi ndiye ninayekaa hapo, wananiita Mama Mlango, na Jumamosi ile tangu asubuhi kichwa kilikuwa kinanigonga kwa kelele zao.

"Mama Mlango, ni kweli Kobe amekonda?"

"Sijui."

"Hapo kwenye picha amekonda! Kobe gani anakonda? Mimi simtaki."

"Usimtake ukiwa umekaa pembeni. Unaziba njia."

"Tena wamemwekea kindi anayeimba," akadakia mwenzake mwenye pengo la meno mawili. "Dada yangu ameona tangazo kwenye simu. Anaimba mwanzo mpaka mwisho! Sehemu ya pili wameiharibu."

"Umeshaiona?"

"Bado."

"Sasa umejuaje imeharibika?"

"Si nimekwambia kuna kindi?"

Hebu niambie, utabishana na mtu kama huyo? Nikamwonyesha benchi kwa kidole, akaenda huku ananung'unika.

Filamu yenyewe ni Kobe wa Mawinguni. Sehemu ya kwanza tumeionyesha mpaka diski imechubuka. Kuna binti mdogo anapanda mgongoni mwa kobe anayeruka, wanakwenda juu kulitafuta jua lililoibwa. Lakini watoto hawa hawaipendi kwa ajili ya jua. Wanaipenda kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume. Filamu huja kwa lugha ya kigeni, naye hukaa pembeni ya mashine na maiki yake, akamtilia kila mtu maneno mdomoni: mchawi, mfalme, mpaka ng'ombe wanaopita njia. Wanamwita Redio. Kobe alimpa sauti ya mzee mwenye mafua, anayelaani magoti yake kila akitua. Nimesikia kwamba kwenye filamu halisi huyo kobe hasemi lolote la maana. Kwa watoto wetu Kobe ni yule wa Redio, na ukiwaambia vingine watakung'ata.

Redio ana mwiko mmoja unaonitia wazimu. Haitazami filamu kabla ya kuionyesha. Hata dakika moja.

"Dada, filamu ukiionja kwanza inapoa," hunijibu. "Wakicheka nataka nicheke nao. Wakishtuka nishtuke nao."

Haya. Ndivyo alivyoshtuka nao kwenye daraja.

Mwishoni mwa sehemu ya kwanza kuna daraja la kamba. Mama wa yule binti anaishikilia kamba mpaka mwanawe avuke, halafu daraja linakatika, na mama anatumbukia ukunguni. Siku ya kwanza tulipoionyesha, kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa Pilipili. Pilipili ni mtoto wa mdogo wetu wa mwisho, na jina hilo tumempa kwa hasira zake. Mama yake, huyo mdogo wetu, alikuwa amefia hospitali, mbali, akazikwa hukohuko, mtoto akiwa ameachwa huku kwa jirani. Wakubwa wa ukoo wakakaa, wakaamua: bado mdogo, mwambieni mama amesafiri. Mimi nilikataa, nikapayuka, nikaambiwa nina roho ngumu. Redio alikubali harakaharaka, kwa sababu Redio akiona chozi la mtoto anayeyuka mifupa yote.

Basi daraja likakatika. Redio akaangalia benchi la mbele, akaona uso wa Pilipili kwenye mwanga wa skrini, na mdomo wake ukamtoroka. "Usilie, mwanangu! Nasafiri tu! Nitarudi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Tangu hapo ikawa ndiyo hadithi. Wakaitaka kila Jumamosi, na kila Jumamosi mama alisafiri. Pilipili aliisema ile sentensi akioga, akivaa viatu, akisinzia. Nasafiri tu, nitarudi. Mimi nikiisikia nilikuwa natamani kutupa sufuria ukutani.

Ndiyo maana wiki ile nilimfuata Redio nikamwambia, "Hiyo ya pili itazame kwanza. Tafadhali. Hujui wamemfanyaje yule mama."

"Dada nawe! Ni katuni ya watoto. Watakuwa wamemrudisha tu."

"Na wasipomrudisha?"

"Nitajua hapohapo la kusema. Lini nimekosa la kusema?"

Hapo alisema kweli, na ndilo tatizo lake.

Tukaanza. Wacha nikwambie, wale watoto walikuwa sahihi kuhusu kindi. Mtume! Kiumbe kile kiliimba juu ya mti, kikaimba ndani ya maji, kikaimba kimefungwa kitambaa mdomoni. Redio alijaribu kukipa kwikwi ili nyimbo zikatike katikati, wakacheka kidogo, halafu wakachoka.

"Mzimeni!"

"Na Kobe mbona hajalalamika magoti?"

"Hana magoti tena, si wamemkondesha!"

"Mchawi wa kwanza alikuwa anatisha. Huyu anafanana na mwalimu wetu wa hesabu."

"Mwalimu wenu wa hesabu anatisha zaidi."

Redio alikuwa anatoka jasho. Nilimwonea huruma, kusema ukweli. Mtu anavuta mkokoteni ambao hakuupakia mwenyewe.

Halafu Kobe akatua kilimani. Yule binti akashuka, amekua kidogo, nywele zimefika mabegani. Muziki ukanyamaza. Mbele yake palikuwa na tuta la udongo lenye maua, na juu yake jiwe, na kwenye jiwe wamechora uso wa mama yake. Binti akapiga magoti, akaweka kipande cha kamba juu ya tuta, akaanza kusema kwa lugha yake, polepole. Hapo hata asiye na masikio angeelewa.

Redio alikuwa kimya. Miaka yote niliyokaa mlangoni pale, sijawahi kusikia ukimya wa Redio. Nikasimama.

"Eee..." ikatoka kwenye spika. "Hapa... hapa watengenezaji wamekosea."

Loo! Ungesikia ukumbi ulivyolipuka! Walikuwa wanaitafuta hoja tangu asubuhi, sasa wamepewa bure.

"Nilisema! Nilisema wameiharibu!"

"Hawaijui hadithi! Mama amesafiri!"

"Sote tulimsikia!"

Pilipili alikuwa amepanda juu ya benchi, mishipa ya shingo imemtoka. "Wamekosea kabisa! Mtu amesafiri unamwekeaje jiwe? Hata mama yangu amesafiri, mbona hakuna aliyemwekea jiwe?" Akamgeukia Redio. "Mjomba, wapigie simu. Waambie warekebishe. Wakiacha hivi watu watadhani amekufa."

Redio alimeza mate. Maiki ilitoa sauti ya mate yale.

"Nitawapigia," akasema.

"Leo?"

"Leo."

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu sasa alikuwa anamshika mtoto ili azame naye. Nilipita katikati ya mabenchi nikikanyaga miguu ya watu, nikafika kwenye mashine, nikaisimamisha. Picha ikaganda, binti amepiga magoti.

"Mama Mlango!" wakapiga kelele.

"Nyamazeni!" Nikamgeukia mdogo wangu. "Mwambie."

Akafunika maiki kwa kiganja. "Dada, nakuomba. Si mbele za watu. Tukamwambie nyumbani, taratibu."

"Mbele za watu ndipo ulipoanzia. Nyumbani utaniambia kesho, kesho utaniambia akikua. Na huyu atakuuliza kila asubuhi wale wa simu wamesemaje. Utamjibu nini? Eh? Utamjibu nini?"

Alimtazama Pilipili, ambaye bado alikuwa juu ya benchi, ameshika kiuno, anangoja filamu irekebishwe. Akatoa kiganja kwenye maiki.

"Watoto," akasema. "Hawajakosea. Pale ni kaburi. Mama yake alikufa siku ile darajani. Hakusema anasafiri. Nilisema mimi."

Mwenye pengo ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Kwani yeye alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alimwita mwanawe jina. Basi."

Wakaangaliana. Nilidhani watazomea, wametapeliwa bwana, Jumamosi zote zile. Hakuna aliyezomea. Wote walikuwa wanamtazama Pilipili, maana watoto si wajinga, wanajua kuhesabu moja na moja.

Pilipili alishuka kwenye benchi. Akasogea mpaka kwa mjomba wake.

"Na wangu?"

Redio aliisahau maiki mkononi. "Na wako," akasema, na spika zote mbili zikasema pamoja naye.

Nilijiandaa kwa mayowe. Nilijiandaa kung'atwa, kupigwa mateke, namjua. Yeye akasimama tu, anaangalia lile jiwe kwenye skrini, pumzi inapanda na kushuka.

"Weka ya kwanza," akasema.

"Mwanangu..."

"Weka ya kwanza, mjomba. Darajani. Useme alivyosema."

Mimi ndiye niliyebadilisha diski. Tukasogeza mbele hadi darajani. Kamba zikakatika, mama akafumbua mdomo, na mdogo wangu akaita jina la yule binti. Akaliita mara moja, kwa sauti yake mwenyewe, bila mafua wala madoido. Mama akaingia ukunguni. Mtoto mmoja nyuma akaanza kulia, halafu mwingine.

Pilipili hakulia. Alinigeukia mimi. Alijua ni mimi niliyekwenda hospitali na mama yake, maana nilirudi na kanga zake.

"Mama mkubwa. Na mimi aliniita?"

"Alikuita."

"Mara moja?"

"Aa, mwanangu. Alikuita usiku kucha. Alikuita mpaka sauti ikamwisha, halafu akawa anakuita kwa midomo tu."

"Mkamwambia nini?"

"Tulimwambia unakuja."

Hapo ndipo alipokaa chini, pale pale sakafuni katikati ya mabenchi, akalia kwa sauti mpaka waliokuwa nje wakaja kuchungulia. Nikakaa naye. Redio akazima mashine, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza sehemu ya pili inaishaje.